Kuwinda nguruwe mwitu usiku kwa mitutu miwili yenye darubini: ni udhibiti au starehe?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kurushiana madongo.

Kule Texas, nguruwe mwitu anawindwa usiku wa manane, mwaka mzima, bila kikomo cha idadi. Tangu mwaka 2019 hata leseni ya uwindaji haidaiwi, mradi uko kwenye ardhi ya mtu binafsi na mwenyewe amekuruhusu. Mwaka 2011 walihalalisha wawindaji wa kulipia kuwapiga kutoka kwenye helikopta. Mwaka 2017 wakaongeza puto la hewa moto. Ndiyo, puto. Anayeweza kuelezea umuhimu wa puto katika kulinda mahindi ajitokeze, nitamsikiliza.

Hoja inayosimama nyuma ya uhuru wote huo ni kwamba mnyama huyu ni mharibifu. Hapo sina ubishi. Hakuwa mnyama wa Amerika. Waliomleta ni Wahispania, na mvumbuzi wao Hernando de Soto alishuka Florida mwaka 1539 akiwa na nguruwe wake wa kitoweo. Wengine walitoroka, wengine waliachwa wajitafutie, wakarudia upori. Mwaka 1912 tajiri mmoja akaleta nguruwe mwitu wa Ulaya kwenye mlima wa Hooper Bald, North Carolina, ili wawindwe ndani ya uzio. Uzio haukufua dafu. Leo wanakadiriwa kuzidi milioni 6 katika majimbo zaidi ya 30. Naomba mkumbuke jambo moja hapo: sehemu ya tatizo hili ililetwa na watu waliotaka kuwinda.

Kilichonisukuma kuandika ni mtindo wa kumwinda mnyama huyu usiku kwa bunduki ya mitutu miwili iliyofungwa darubini. Bunduki hii si ya mkulima. Ni ile ya kuvunjika katikati kama shotgani, lakini mitutu yake yote ina michirizi ya ndani ya kuizungusha risasi na hupiga risasi moja moja nzito. Ilikuzwa na mafundi wa Uingereza katika karne ya 19 kwa ajili ya wanyama wanaoweza kukurudia na kukuua. Kila mtutu una mtambo wake, mara nyingi na triga yake. Ukikosa kwa wa kwanza, wa pili uko tayari kabla hujapumua. Baada ya hapo mambo yamekwisha: unaivunja, unatoa maganda, unaingiza risasi nyingine mbili.

Sasa piga hesabu. Kundi la majike na watoto linaweza kufika nguruwe ishirini. Unaangusha wawili kama una bahati na mkono umetulia. Kumi na wanane wanakimbia wakiwa wamejifunza somo: pale penye chambo pana mauti. Kesho wanalala bonde jingine na kula shamba la jirani. Jike anaweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka, na akishiba vizuri anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wataalamu wa Texas walikadiria kwamba ili idadi isipande tu, inabidi kuondoa karibu theluthi mbili ya nguruwe wote kila mwaka. Theluthi mbili, kwa risasi mbili mbili!

Tennessee walishalipa ada ya somo hili. Mwaka 1999 walifungua uwindaji jimbo zima bila kikomo, wakidhani bunduki nyingi zitamaliza kazi. Ni katika kipindi hichohicho nguruwe walienea kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu watu walikuwa wanawapakia kwenye malori usiku na kuwaachia sehemu mpya ili nao wapate pa kuwinda. Mwaka 2011 jimbo likageuza sheria na kumwondoa nguruwe kwenye orodha ya wanyama wa kuwindwa kama mchezo. Missouri nao walipiga marufuku kuwawinda kwenye ardhi za idara yao ya uhifadhi mwaka 2016, wakasema wazi: wawindaji wanatutawanyia makundi tunayoyatega.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama ni udhibiti, bunduki hii ni chombo kibovu. Kama ni uwindaji, basi uwekewe miiko ya uwindaji, tuache kujificha nyuma ya mahindi ya mkulima. Karibuni.

Mchangiaji 1

Mleta mada, kwenye kudhibiti idadi nakubaliana nawe, lakini bunduki umeionea.

Ukiwa juu ya ulingo gizani, mita 40 kutoka kwenye chambo, huhitaji risasi kumi. Unahitaji ya kwanza iende mahali pake na ya pili iwe tayari kama ya kwanza imeharibu. Bunduki ya kukoki inakulazimisha uondoe mkono kwenye triga na kupiga chuma kwa chuma; usiku mtulivu, mlio ule unasikika mpaka ng'ambo. Ya mitutu miwili, unahamisha kidole tu. Na kuna usalama ambao watu hawauzungumzii. Ukiivunja, hata gizani unapapasa kwa kidole na kujua kama kuna risasi ndani. Unaposhuka ngazi ya ulingo saa nane usiku huku umelewa usingizi, hilo si jambo dogo.

Darubini nayo si mapambo. Ncha ya kulengea ya chuma gizani huioni. Mboni ya jicho la mtu mzima hupanuka hadi milimita 7 hivi. Darubini yenye kioo cha mbele cha milimita 56, ukiiweka kwenye ukuzaji wa mara 8, inakupa mwanga wa upana huohuo wa milimita 7, yaani wote ambao jicho lako linaweza kupokea. Kwenye mwezi mpevu unamwona nguruwe ambaye macho matupu yangesema ni kichaka.

Ila nikubali kasoro yake. Mitutu hii hupangwa kiwandani ili risasi zake zikutane umbali fulani, kwa risasi za aina moja. Badilisha uzito wa risasi na mitutu inaachana kama mke na mume waliochokana. Darubini yenyewe huwezi kuipatanisha na mtutu mmoja. Unaiweka katikati ya matundu ambayo mtutu wa kulia na wa kushoto umetoboa kwenye shabaha ya majaribio, halafu unajua mpaka wako. Anayejaribu kumpiga nguruwe mita 200 usiku kwa bunduki hii hajui alichoshika.

Mchangiaji 2

Mimi swali langu ni fupi. Risasi ikishapita nyama inaishia wapi?

Ufaransa, Desemba 2020, kijana alikuwa anakata kuni karibu na nyumba yake jioni. Mwindaji akadhani ni nguruwe. Kijana akafa. Na hapo haukuwa usiku wa manane.

Mchangiaji 3

Wote mnaongea kama watu ambao hawajawahi kupanda. Mimi niko Texas, nafanya kazi kwenye shamba la watu. Nguruwe anafuata mstari wa mahindi usiku uleule yalipopandwa na kuokota mbegu moja baada ya nyingine, mstari mzima, kama vile alikuwepo wakati mashine inapita. Asubuhi unakuta mtaro. Unarudia kupanda kwa gharama yako.

Mtego wa zizi ule mkubwa, wenye kamera na lango unalolifunga kwa simu, ni mzuri, sikatai. Tumeutumia. Unawalisha siku kadhaa lango likiwa wazi mpaka kundi zima lizoee kuingia, ndipo unafunga. Ukiwahi kufunga na watatu wamebaki nje, hao watatu hawaingii tena kwenye kitu chochote chenye nyavu maisha yao yote. Na kuna dume mzee asiyetembea na kundi, huyo hana habari na mtego wako. Huyo unamfuata usiku kwa bunduki, hakuna dawa nyingine. Mwaka 2017 walitaka kuleta sumu ya warfarin, kelele zikawa nyingi, wawindaji wenyewe wakapinga, mpango ukasimama wakati ule.

Halafu mtu anayekuja kuwinda analipa mwenye ardhi. Kwa shamba linalopata hasara kila msimu, pesa hiyo inaziba pengo.

Mleta mada

Mchangiaji 3, asante, umeleta kitu ambacho mada yangu ilikikosa. Dume aliyekwepa mtego ni kazi halali ya bunduki, na hapo mitutu miwili yenye darubini inafaa hasa: mnyama mmoja, mkubwa, umbali mfupi, nafasi ya risasi mbili. Dume huyo ana ngao ya ngozi nene na ngumu mabegani, na nundu ya manyoya mgongoni inayomdanganya mpigaji alenge juu. Moyo wake uko chini na mbele kuliko unavyodhani. Ukimjeruhi utamfuata kwenye vichaka gizani, na hapo ndipo mtutu wa pili unapojua kwa nini ulitengenezwa.

Ila hiyo pesa ya mwenye ardhi ndiyo inayonitia wasiwasi. Mtu akianza kulipwa kwa sababu ya nguruwe, ana sababu gani ya kutaka waishe? Tennessee haikuharibikiwa kwa uchache wa risasi. Iliharibikiwa kwa sababu nguruwe aligeuka mali.

Mchangiaji 2, umegusa penyewe. Darubini ya joto, ile inayonasa joto la mwili gizani, inakuonyesha mwili unaong'aa. Haikuonyeshi kama nyuma yake ni udongo au ni barabara. Ndiyo maana nampenda mtu wa ulingoni kuliko anayetembea: anapiga kuelekea chini, na ardhi inameza risasi. Ujerumani sheria yao inakataza kuwapiga wanyama wakubwa kama paa na kulungu usiku, lakini nguruwe wamemwacha nje ya katazo hilo. Hawamchekei nguruwe kule. Hata hivyo, mwindaji wao lazima awe amefaulu mtihani ndipo apewe leseni, na jike mwenye watoto wanaomtegemea haruhusiwi kupigwa. Texas mtu anaweza kushuka kwenye gari na kuanza.

Na Wacheki, homa ya nguruwe ya Afrika ilipoingia eneo la Zlín nchini kwao mwaka 2017, jambo la mwanzo walilofanya eneo la maambukizi ni kuzuia uwindaji, ili nguruwe wagonjwa wasitawanyike. Wakazungushia uzio, kisha ndipo wakaleta wapigaji waliochaguliwa, wakiwemo wa polisi. Bunduki ilikuja mwisho, mikononi mwa wachache. Mimi ningeifuata ratiba hiyo: mtego kwanza, bunduki kwa waliobaki, na adhabu nzito kwa anayekamatwa amebeba nguruwe hai kwenye gari bila kibali.

Mchangiaji 1

Ratiba nimeikubali. Lakini hapo kwenye jike mwenye watoto, usiku utamjuaje? Watoto wanakuwa ndani ya nyasi, darubini yangu inaona mgongo tu.

Mleta mada

Unasubiri. Kundi likitangulia kutoka, majike na watoto, unakaa na bunduki yako imelala magotini. Dume huja peke yake na huja kwa kuchelewa. Asipokuja, unaivunja, unatoa risasi zako mbili, unashuka.

Mchangiaji 3

Na mahindi?

Mleta mada

Mahindi ni kazi ya mtego, ndugu yangu. Safari hii msifunge lango mapema.