Mizigo ya Mama hadi Columbus

Kikundi: FAMILIA YA MAGOMENI

JUMAPILI, SAA 2 USIKU

Idi: Assalamu alaikum wanafamilia. Nimepata njia ya kumpeleka Mama kwa Rehema. Tiketi mbili: ya kwanza Dar mpaka Amsterdam, ya pili Amsterdam mpaka Columbus, Marekani. Nimejumlisha, tunaokoa dola 310 ukilinganisha na ile moja aliyoileta Nuru. Tukubaliane leo, bei zinapanda.

Rehema (Columbus): Waalaikum salaam kaka. Nikisikia tu Mama anakuja, moyo unatulia. Daktari ananihesabia wiki tano.

Shangazi Mwanaidi: Dola 310 si haba wanangu. Hapo nepi za mtoto zimeshapatikana.

Nuru: Waalaikum salaam. Shikamoo Shangazi. Kaka Idi, tafadhali usilipe kwanza. Hizo tiketi zina bukingi mbili tofauti, siyo?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu.

Idi: Ndiyo, mbili. Lakini ya kwanza ni ya shirika la KLM, ya pili ni ya Delta, na wote wako SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege. Ni washirika hao, mzigo si wanapokezana tu?

Nuru: Kaka, hapo ndipo wateja wangu wengi wa tiketi wanapoumia. Kinachoupeleka mzigo mpaka mwisho ni tiketi. Safari yote ikiwa ndani ya tiketi moja, yule wa kaunta pale Dar anaiona mpaka kituo cha mwisho, anatoa tagi ya mzigo ya mpaka huko. Zikiwa mbili, anaiona ya kwanza tu. Unaweza kumwonyesha ya pili ukamwomba. Akikubali ni hisani, akikataa huna pa kumshtaki. Oneworld, ule muungano wa kina British Airways na Qatar Airways, tangu 2016 umeacha kabisa kuwalazimisha wanachama wake kuunganisha mizigo ya tiketi mbili. Tena hata zikiwa za shirika lilelile.

Idi: Sasa si atalichukua begi Amsterdam alikabidhi upya? Ana saa nne pale.

Nuru: Atalichukuaje? Mikanda ya mizigo ya Schiphol, uwanja wa Amsterdam, iko ng'ambo ya uhamiaji. Kupita uhamiaji ni kuingia Uholanzi, na Mama ana viza ya Marekani peke yake. Mtanzania akibaki ndani, sehemu ya kubadilishia ndege, hahitaji viza pale. Akilifuata begi anahitaji viza ya Schengen, ile ya kuingia Ulaya, ambayo hana. Na kaunta ya Dar wakishaliona hilo wanaweza kumkatalia kupanda kuanzia hapohapo.

Idi: Loo. Hilo la viza sikulijua.

Shangazi Mwanaidi: Yaani dada wa watu akae upande mmoja, nguo zake zinazunguka upande wa pili? Hapana jamani.

Mjomba Salumu: Wanangu, nimewasikia. Niwape langu. Mwaka juzi nilifanya hivyohivyo anavyosema Idi, tiketi mbili. Majina ya uwanja na mashirika nayahifadhi. Ndege ya kwanza ikachelewa saa mbili. Nafika kwa shirika la pili naambiwa ndege yako imeondoka, tiketi yako imekufa, kuchelewa si kwetu. Nikanunua nyingine kwa bei ya siku hiyo. Usiku kucha niko kwenye kiti cha chuma nimekumbatia mkoba. Mimi mwanamume wa miaka 58 niliweza. Dada yangu na lile goti, hapana.

Nuru: Shikamoo Mjomba. Ndicho ninachokililia. Tiketi ikiwa moja, ndege ikichelewa kazi ya kumtafutia nyingine ni ya kwao, na begi linamfuata.

Mjomba Salumu: Marahaba Nuru. Hiyo yako inapita wapi?

Nuru: Dar–Nairobi kwa Kenya Airways, Nairobi–Amsterdam usiku kwa KLM, Amsterdam–Detroit kwa Delta, halafu Detroit–Columbus, Delta tena. Namba moja ya tiketi. Imeandikwa 2PC, maana yake mabegi mawili, kila moja kilo 23.

Idi: Na ile ndege ndogo ya Nairobi haitatudai kilo zake? Mimi nimewahi kulipishwa kwenye ndege ya pili.

Nuru: Kwa safari ya kwenda au kutoka Marekani, sheria yao inataka kanuni moja ya mizigo itumike safari nzima. Ikianza na 2PC inaisha na 2PC. Lakini, narudia, ndani ya tiketi moja.

Idi: Basi nimekubali. Dola 310 nitazitoa mimi. Simpeleki Mama akateseke kwa sababu ya hesabu yangu.

Rehema (Columbus): Allah akubariki kaka yangu 🙏

Mama: Wanangu nimesoma yote. Msigombane kwa ajili yangu. Nitapita mnakotaka.

JUMATATU

Mjomba Salumu: Habari njema. Nina kazi Rotterdam mwezi huohuo. Nimesogeza tarehe, nitakuwa na dada yangu mpaka Amsterdam. Na kwa kuwa nina kadi ya Gold ya Flying Blue, ule mpango wa KLM wa wasafiri wa mara kwa mara, Nairobi nitamwingiza launji, ile sebule ya kupumzikia. Zile saa za kungoja hatakaa kwenye zogo.

Shangazi Mwanaidi: Na Amsterdam je? Huko ndiko pa kungoja zaidi.

Mjomba Salumu: Huko siwezi. Gold ya Flying Blue ndiyo Elite Plus, hadhi ya juu ya SkyTeam, inaniruhusu mgeni mmoja, naye awe anasafiri na ndege ya SkyTeam. Lakini launji ni ya anayeondoka. Nikishatua Amsterdam safari yangu imekwisha, sina bodingi pasi ya kwenda mbele. Wataniambia karibu nje.

Shangazi Mwanaidi: Basi mwachie dada hiyo kadi.

Mjomba Salumu: Shemeji yangu, wanaskani bodingi pasi, jina na hadhi vinatoka pamoja. Kadi yangu mkononi mwake haina kazi.

Shangazi Mwanaidi: Haya. Basi lile begi lako la ziada, maana najua wenye kadi mnapewa, nimtilie Rehema vitenge na viungo.

Nuru: Shangazi, la ziada ni la Mjomba na linaishia anapoishia Mjomba. Viungo vitafika Rotterdam. Vitie kwenye yale mawili ya Mama.

Idi: Nuru, daraja la biashara si lingemaliza yote? Launji kila uwanja?

Nuru: Lingemaliza, ila ni pesa ya kununua kiwanja cha nyumba. Na nikwambie ukweli, kaka, kwa Mama launji siyo shida kubwa. Schiphol zipo za kulipia mlangoni pia. Shida ni kutembea. Kutoka geti moja mpaka jingine pale ni safari ya goti lile kuvimba. Ninachotaka kumwombea ni kiti cha magurudumu.

Mama: Mimi si mgonjwa Nuru.

Nuru: Mama, najua. Kuna aina zake. Ninayoiandika inaitwa WCHR, ya mtu anayetembea na kupanda ngazi mwenyewe ila hawezi masafa marefu. Wanakusukuma mpaka getini, unashuka, unaingia ndege kwa miguu yako. Viwanja vya Ulaya sheria inawalazimisha kutoa huduma hiyo bure, wapewe taarifa saa 48 kabla. Mimi ninawapa wiki nzima.

Rehema (Columbus): Mama nakuomba. Tena mtu wa kiti ndiye anayeijua njia. Hutasoma mabango, hutauliza mtu. Mimi mara ya kwanza Schiphol nilizunguka nikilia.

Mama: Ulilia? Hukuniambia.

Rehema (Columbus): Sikutaka usilale Mama.

Mama: Haya. Aandike.

JUMATANO YA WIKI ILIYOFUATA, SIKU MOJA KABLA YA SAFARI

Rehema (Columbus): Mama, soma huu ujumbe polepole, na Idi amwonyeshe tena kesho. Mabegi hutayaona Nairobi wala Amsterdam, usiyaulize. Utayaona DETROIT. Marekani kwa kawaida anayeingia anachukua mizigo yake kiwanja cha kwanza anachotua, hata kama tagi imeandikwa mbele zaidi. Kwa hiyo Detroit: uhamiaji kwanza, kisha mkanda, unachukua yote mawili, unapita forodha nayo, halafu mbele tu kuna watu wanayapokea tena. Unawaonyesha tagi, wanayarusha kwenye mkanda mwingine. Ndipo unakaguliwa upya na kwenda ndege ya Columbus. Una saa tatu, usikimbie.

Mama: Na nikiyaacha pale kwenye mkanda?

Rehema (Columbus): Yatabaki Detroit Mama.

Nuru: Na wa kiti mwambie "bags" mapema, atakusaidia kuyanyanyua.

Rehema (Columbus): Vyakula vyote utavitaja forodha. Iliki, mdalasini, pilipili manga vilivyokauka havina neno. Embe usibebe, nyama usibebe, hata iliyokaushwa.

Mama: Embe za Tanga nilishazinunua.

Shangazi Mwanaidi: Zilete kwangu wifi.

Nuru: Dawa za presha, miwani, simu, pawabanki na nguo za siku moja ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Na ukinunua manukato Schiphol, Detroit ukishalipata begi yatie humo kabla hujalikabidhi. Kwenye ukaguzi wa pili yanaweza kuchukuliwa.

Idi: Mabegi nimeyafunga kitambaa cha kitenge chekundu kwenye mpini. Jeusi na la kijani. Kilo 22 na 22.5 kwa mzani wa duka la Mzee wa jirani.

ALHAMISI, UWANJANI DAR

Idi: Tumeshakabidhi mizigo. [Picha]

Nuru: Kaka nikuzie picha. Nataka kuona zile stika za tagi walizokupa, si bodingi pasi.

Idi: [Picha] [Picha]

Nuru: Namba zinaanza 0706, sawa, 706 ni ya Kenya Airways. Nisomee herufi tatu kubwa kwenye kila moja.

Idi: Moja CMH. Nyingine AMS. Na ya Mjomba AMS.

Nuru: CMH ni Columbus. AMS ni Amsterdam. Mjomba ana mabegi mangapi?

Idi: Moja.

Nuru: Basi begi moja la Mama limeandikwa kwa jina la Mjomba. Rudini kaunta SASA, kabla hamjaenda kwenye ukaguzi.

Idi: Ni mimi. Tuliyapanga yote matatu mzanini pamoja, nikasema mawili ni ya Mjomba. Kwa haraka nikasahau lile la kijani ni la Mama.

Nuru: Haidhuru kaka, kimbia. Mwambie begi la kijani ni la mwenye tiketi ya Columbus, abadilishe tagi.

Rehema (Columbus): Ya Rabi. Ndimo mlimo nguo za mtoto.

Shangazi Mwanaidi: Na viungo.

Idi: Wamelirudisha. Dada wa kaunta ameichana ile tagi, ameweka nyingine. Nimeisoma mwenyewe kwa sauti: NBO ya Nairobi, AMS, DTW ya Detroit, CMH.

Nuru: Alhamdulillah. Jina?

Idi: La Mama.

Nuru: Zile stika zote mbili zibandikwe nyuma ya bodingi pasi ya Mama, wala asizitupe mpaka alale kwa Rehema. Begi likikosekana Columbus, asitoke uwanjani kabla ya kuandikisha ripoti kaunta ya Delta, kwa kuwa ndio wa mwisho kumbeba. Likiwa limeharibika, barua ndani ya siku 7. Likichelewa, siku 21 tangu alipolipokea.

Mjomba Salumu: Nitamkumbusha njiani. Tunaingia ndani.

ALHAMISI, SAA 4 USIKU

Mjomba Salumu: Tuko launji Nairobi. Waliangalia bodingi pasi yake na yangu, wakatukaribisha. Dada yangu amekula wali na samaki, ameinua mguu juu ya kiti, anasoma Yasini kwenye simu.

Rehema (Columbus): [Ujumbe wa sauti, 0:41]

Mama: Nimekusikia mwanangu. Lala, usikae macho na hilo tumbo.

IJUMAA

Mjomba Salumu: Tumetua Amsterdam salama. Kijana wa kiti alikuwa mlangoni mwa ndege na jina lake kwenye karatasi. Tumeagana. Nimemtazama mpaka alipokata kona.

Idi: Alilia?

Mjomba Salumu: Nililia mimi.

IJUMAA, SAA 3 USIKU YA DAR

Mama: Nipo Ditroit. Jeusi limetoka mwanzo. Kijani limekawia nikaingia hofu, kumbe liko nyuma ya sanduku kubwa, kitenge kinaonekana.

Nuru: Umeyakabidhi tena Mama?

Mama: Nimeyakabidhi kwa mikono yangu. Yule bwana amesoma tagi, amesema Columbus. Nimemwambia yes.

Mama: Rehema, bandika maji ya chai.