Mjadala: Muonekano wa kompyuta za programu huria uamuliwe na nani?

Wadau, naweka hoja mezani na msimamo wangu nautaja mapema ili mnipinge vizuri. Picha ya mandhari, ile inayokaa nyuma ya ikoni kwenye skrini, ipigiwe kura na kila mtu. Thimu, yaani rangi za madirisha, vitufe, ikoni na fonti, iamuliwe na wanaoitunza, mradi sababu zao ziandikwe hadharani.

Najua wengine mtasema huo ni udikteta, na mtanikumbusha 2010, toleo la 10.04 la Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, lilipohamishia kushoto vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha. Watu walilalamika sana. Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa Ubuntu, akajibu kwamba pale si demokrasia: maoni mazuri na data vinakaribishwa, usanifu haupigiwi kura. Vitufe vikarudi kulia kwenye toleo la 17.10, mwaka 2017. Kwangu mimi, kukataa kura halikuwa kosa. Kosa ni kumbadilishia mtu kitu anachokigusa kutwa nzima kabla hajaridhishwa na sababu. Yaru, thimu ya Ubuntu tangu 18.10, ilijengwa na watu wa kujitolea pamoja na wasanifu wa Canonical, kampuni inayoitengeneza Ubuntu. Humo ukitaka kitufe kibadilike rangi unaleta kazi yako, inajadiliwa, na yeyote anaweza kusoma kwa nini ilikubaliwa au ilikataliwa.

Kwa nini nasisitiza hivi? Chukueni kompyuta za mitumba ambazo wengi wetu tunanunua Kampala. Skrini ni ya 1366 kwa 768, mwanga wake umefifia, na meza iko karibu na dirisha, jua la saa nane mchana. Weka picha ya maporomoko ya Murchison. Inapendeza kweli! Sasa tafuta faili lako. Majina ya mafaili ni meupe, povu la maji ni jeupe, na kila kilichokaa katikati kimepotea. Picha unaibadilisha, yameisha. Thimu yenye maandishi ya kijivu juu ya nyeupe inakufuata kwenye kila dirisha. Mwongozo wa WCAG, wa kimataifa kuhusu kurahisishia watu wenye ulemavu matumizi ya kurasa za wavuti, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa angalau 4.5 kwa 1. Hilo hupimwa, halipigiwi kura na mtu anayetazama picha ndogo kwenye simu.

Kwenye picha, watu wa Debian, mfumo mwingine huria, wananiridhisha. Wasanii huleta kazi, umma huchagua. Ndivyo Homeworld, kazi ya msanii Juliette Taka, ilivyopata nafasi kwenye Debian 11, mwaka 2021. Ila kura tupu huwapendelea wenye watu wengi mtandaoni. Lubugo la Buganda, kitambaa cha gome la mti, ambalo UNESCO ililitambua 2005, lingekuwa mandhari ya kupendeza mno, lakini nani wa Ulaya atalipigia kura asilolijua? Kwa hiyo napendekeza mshindi apatikane kwa kura, na zile picha za ziada zinazokuja na mfumo zichaguliwe na jopo lenye watu wa kila bara. Leseni ikaguliwe kabla ya kura: picha ya korongo uliyoishusha mtandaoni bila ruhusa haiwezi kusambazwa hata ikishinda.

Mnaotaka kura kwenye kila kitu, nijibuni hili: wanaoona kwa shida ni wachache siku zote, kura itawalinda vipi? Na mlio upande wangu, watunzaji wakiacha kusikiliza, tunawaondoaje?