Tupeane uzoefu: poda ya protini isiyo na vitamu bandia hapa Goma

KivuFiti (mwenye mada)
Wapendwa, kila nikiingia dukani naulizwa kama nataka vanila au chokoleti. Ile isiyotiwa kitu hakuna anayeitaja. Mimi sukralosi, kile kitamu bandia, siiwezi, utamu wake unanikaa nyuma ya ulimi mpaka chakula cha mchana kinaharibika ladha.

Kinachonikera zaidi ni yale maandishi ya mbele, "sans sucres ajoutés", yaani haikuongezwa sukari. Mtu anadhani kopo ni safi, kumbe maneno hayo yanahusu sukari tu. Geuza kopo, tafuta "édulcorant", yaani kitamu, kwenye viungo. Ukiona sucralose (E955), acésulfame-K (E950), aspartame (E951) au saccharine (E954), ndivyo hivyo vyenyewe. Duka moja walibandika karatasi ya bei juu ya orodha yote ya viungo. Niliomba waibandue, wakakataa, nikaondoka na pesa yangu.

Nani amepata ya wazi? Unaikoroga vipi? Tumbo linasemaje?

Kocha wa Majengo
Tafuta kopo lililoandikwa "nature" au "neutre". Nzuri ina viungo viwili basi: protini ya whey, na lesithini ya soya au ya alizeti ya kuisaidia kuchanganyika na maji. Whey ni yale maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini, watu wa Masisi wanayajua. Kwa hiyo usitegemee utamu, utasikia maziwa mepesi tu. Vijana wangu wa mazoezi walikunja uso mwanzoni, sasa zile za chokoleti ndizo zinazowashinda.

Maji yatangulie kwenye chupa, poda ifuate. Ukianza na poda inashika chini, utatikisa mpaka mkono uchoke.

Mama Himbi
Mimi natia kwenye uji wa sosoma (unga wa soya, mtama na mahindi) asubuhi. Lakini jamani, uji ukiwa unachemka msitie! Protini hii ikipata moto mkali inaganda, unabaki na madonge ambayo mwiko hauyavunji. Naepua, nauacha upoe hadi kidole kinavumilia, poda naikoroga pembeni na maji kidogo ndipo naimimina. Utamu naupata kwa kamaramasenge, zile ndizi ndogo tamu, zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi. Ninaponda mbili, inatosha kabisa.

Nguba_Bukavu
Huku Bukavu nilihamia ya wazi kwa sababu ya tumbo kujaa gesi. Utamu wa bandia uliisha, gesi ikabaki palepale.

KivuFiti
Ndugu wa Nguba, angalia kama ni "concentré" au "isolat". Konsentreti ya kawaida ina protini kama 80% na laktosi, ile sukari ya maziwa, bado imo. Isoleti inafika kama 90% na laktosi inabaki kidogo sana. Kama hata maziwa ya kawaida yanakusumbua, basi mshukiwa ni laktosi. Isoleti ni ghali zaidi, ndiyo, ila nunua pakiti ndogo kwanza usikie mwili.

MwanafunziWaLishe
Naomba tusitishane pia. Mwezi wa tano 2023 OMS, Shirika la Afya Duniani, ilishauri watu wasitumie vitamu visivyo sukari kwa lengo la kudhibiti uzito, na stevia imo humo. Ushauri huo hauwahusu ambao tayari wana kisukari. Mwezi wa saba aspartame ikawekwa kundi la 2B, yaani "huenda" inaleta saratani, na wataalamu wa viongezo vya chakula wakaacha kiwango kilekile, mg 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kijiko kimoja cha poda hakifiki huko. Sababu ya ladha au tumbo inatosha kuikataa, haihitaji hofu.

Papa Katindo
Wanangu, gramu 30 za hiyo poda zinatoa protini kama gramu 24. Hayo ni mayai manne. Sambaza kavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na hakuna E yoyote ndani. Mimi na miaka yangu natwanga sambaza na karanga, nachanganya kwenye sombe, majani ya muhogo. Nguvu ninazo.

KivuFiti
Papa, asante sana, hilo siwezi kulipinga. Nyumbani nakula hivyohivyo. Poda ni ya siku ninapotoka mazoezini moja kwa moja kwenda kazini, sambaza siwezi kuzifungua ofisini.

Binti_Birere
Na stevia je, yaya? Kuna kopo nimeliona limeandikwa "édulcorant naturel".

KivuFiti
Ni E960, inatoka kwenye majani ya mmea, kwa hiyo haihesabiwi kuwa ya bandia. Lakini ni kitamu bado, na wengi inawaachia uchungu mdomoni. Usikurupuke. Piga picha ya nyuma ya kopo, pale kwenye viungo, uilete hapa kabla hujalipa.

Binti_Birere
Sawa yaya, kesho napita pale.