Kikundi: Wasomaji wa Ukoo

08:12 Mwanaidi: Asalaam aleikum wote. Jumamosi ni keshokutwa. Mada: kwa nini wahusika wadogo wanatunasa kuliko mhusika mkuu. Kila mtu anipe jina la mhusika wake leo kabla ya magharibi.

08:15 Mwanaidi: Mie naanza. Namchukua Cinna, yule mshairi katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Nyerere. Anatokea mara moja tu. Umati unamkamata, unamuuliza jina, kumbe ni jina la mmoja wa waliomuua Kaizari. Anawaambia yeye mshairi tu. Mmoja anajibu basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya.

11:40 Mwanaidi: Tiki za bluu naziona. Hamadi? Dada Zuhura?

11:52 Hamadi: Mie Shylock, yule mkopeshaji wa Mabepari wa Venisi ya Shakespeare.

11:53 Mwanaidi: Huyo si mdogo!

11:55 Hamadi: Hesabu. Yumo katika maonyesho matano, na sehemu ya mwisho nzima hayupo. Mfanyabiashara mwenyewe ni Antonio. Nani anamkumbuka Antonio?

11:56 Juma: Anayemdai 😂

11:56 Hamadi: 😂😂

11:57 Juma: Tena kwa ratili ya nyama yake

12:01 Mwanaidi: Jamani sitanii. Swali ni KWA NINI. Moyo wa mhusika mkuu tunaelezwa mpaka tunauzoea. Mdogo tunaonyeshwa kidogo, kinachobaki tunajijazia wenyewe. Akiondoka, ameondoka mtu tuliyemtengeneza sisi.

14:20 Zuhura: Samahani, nilikuwa kazini. Hata waandishi hali hiyo inawashika. Tom Stoppard aliwachukua Rosencrantz na Guildenstern, marafiki wa Hamlet katika tamthilia ya Shakespeare, wanaotumwa kumchunguza, akawapa tamthilia yao, 1966. Mwaka huohuo Jean Rhys akamwandikia riwaya yule mke aliyefungiwa ghorofani katika riwaya ya Jane Eyre. Humo tunasikia zaidi kicheko chake na maneno ya mumewe juu yake. Mie namchukua huyo.

14:31 Shangazi Asha: Mnawahurumia sana wa vitabuni. Kwenye kitabu cha ukoo mama yangu ana mstari mmoja. "Na mke wa pili." Hata jina hamna.

14:32 Juma: Shangazi jamani 🙈

14:32 Mwanaidi: Shangazi, hilo tulishalizungumza. Turudi kwenye mada.

14:33 Shangazi Asha: Mlilizungumza nyinyi.

14:50 Hamadi: Ni saa nane au saa kumi?

17:05 Babu: Nimewasoma. Cinna alikuwa akienda maziko ya Kaizari, kama rafiki. Usiku ameota anakula karamu naye. Hakuwa na hamu ya kutoka nyumbani, akatoka. Mistari hiyo michache inatosha kumjua mtu. Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, akifa, adui yake anasimama kumsifu. Cinna hakuna amtajaye tena. Msomaji anamshika kwa kuwa hana mwingine wa kumshika. Jumamosi aanze Asha, atueleze mama yake. Alikuwa Bi Salma binti Omari.

17:09 Zuhura: Shikamoo Babu.

19:20 Mwanaidi: Shikamoo Babu. Sawa.

20:41 Juma: Cinna nitamsoma kwa sauti mimi, kama hakuna mwingine.

20:44 Hamadi: Saa nane siwezi.

21:15 Mwanaidi: Mpaka sasa nina majina matatu. Muda nitautangaza kesho. Shangazi Asha, utakuja?

22:38 Saidi: Jumamosi hii au ijayo?