Watoto wa Bibi wa Ngamiani: Idi ya tetekuwanga

JUMATANO, asubuhi

Mama Nasri: Assalaam alaykum nyote. Mama, shikamoo. Nasri tangu jana usiku ana homa na vipele kifuani na mgongoni. Nilidhani mbu. Asubuhi hii vimejaa maji na vingine vimetoka usoni, hata ndani ya nywele. Salha naye nimeviona vitatu tumboni nikimwogesha. Kule madrasa wenzao wawili waliugua tetekuwanga wiki mbili zilizopita. Safari ya kesho ya kuja Tanga naona haipo.

Ba'mdogo Idrisa: Waalaykum salaam. Pole sana shemeji. Wanakula?

Mama Nasri: Uji wanakunywa. Nasri analia mdomo unamuuma, nadhani vimemtoka hadi ndani.

Mjomba Sefu: Poleni. Lakini tetekuwanga ndiyo ya kuvunja safari? Sisi sote tuliugua, tukaogeshwa muarobaini, siku ya nne tuko uani tunacheza gololi. Waleteni wauguzwe kwa bibi yao.

Twaha: Bibi anasema niandike hivi: shikamoo yako nimeipokea, marahaba mwanangu. Njooni. Mbuzi nimeshanunua, yuko uani kwenye mwembe. Magodoro nimeyaanika jana na juzi. Nguo za Idi za watoto nataka nizione mimi, siyo kwenye simu.

Shangazi Zuhura: Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, nasoma nikiwa kwenye daladala. Wifi, nijibu mambo matatu. Vipele vimefanana au vimechanganyika? Wana kikohozi na macho mekundu? Chanjo ya surua walimaliza?

Mama Nasri: Vimechanganyika. Vingine vyekundu tu, vingine malengelenge, kimoja cha mgongoni kimeshaanza kukauka. Kikohozi hakuna, macho meupe. Surua wamechanjwa wote wawili, miezi 9 na miezi 18. Kadi ninazo hapa mkononi.

Shangazi Zuhura: Basi kila dalili ni tetekuwanga. Hata hivyo wapeleke wakaonwe, ila piga simu kwanza uwaeleze, wasije wakakaa kwenye benchi moja na wajawazito na vichanga. Homa mpe parasetamo kwa uzito wake. Aspirini USIMPE, na ibuprofeni pia iache. Kucha zikatwe leo. Losheni ya kalamini kwenye vipele. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, na umfute kwa kugusa, usisugue. Muarobaini wa kuogea sina ugomvi nao. Wa kunywa hapana, Mjomba, tafadhali.

Shangazi Zuhura: Mwanahawa, uko hapo? Wewe uliwahi kuugua tetekuwanga?

Mwanahawa: Nipo dada, hapa Ngamiani na mume wangu Idrisa. Sijui. Nimempigia mama Handeni sasa hivi. Anasema wenzangu walipougua mimi nilikuwa nimepelekwa kulelewa kwa bibi. Hakumbuki kama mimi ilinipata baadaye.

Shangazi Zuhura: Na mimba ni wiki ya 36.

Mwanahawa: Ndiyo.

Shangazi Zuhura: Mjomba, shikamoo. Unayoyasema ni kweli kwa mtoto mwenye afya yake: ataumwa, atajikuna, atapona. Mtu mzima ambaye hajawahi kuugua huumwa zaidi, inaweza kushuka hadi kwenye mapafu. Na mjamzito aliyekaribia kujifungua ana hatari ya peke yake. Akitokwa na vipele siku chache kabla ya kuzaa au mara tu baada ya kuzaa, mtoto anazaliwa hajapata kinga ya mamaye, na kichanga akipata tetekuwanga katika siku zile anaweza kufa. Siwatishi. Huu ugonjwa unapita kwa hewa, hauhitaji mtu ashikwe mkono. Nyumba ya Mama ina korido moja na choo kimoja. Nitamficha wapi Mwanahawa?

Baba Nasri: Mama, shikamoo. Hatuji. Nimezungumza na mama Nasri, tiketi nimeshazirudisha. Nisamehe.

Ba'mdogo Idrisa: Kaka, Mungu akulipe.

Twaha: Bibi amesikia, nimemsomea yote. Hajasema kitu. Ameenda kumpa mbuzi majani.

ALHAMISI, jioni

Mjomba Sefu: Haya, Idi ya pamoja imekwenda. Lakini likizo ni mwezi mzima. Vipele vikikauka, wiki ijayo mnapanda basi mnakuja, mnakaa mpaka shule zifunguliwe. Mama yenu hali tangu jana.

Mama Nasri: Nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Wifi, unasemaje?

Shangazi Zuhura: Nasri na Salha, ndiyo. Vipele vyote vikishakuwa vigaga vikavu na hakuna kipya, hawaambukizi tena. Kwa kawaida ni kama siku tano hadi saba. Tatizo ni Hamudi, mdogo wao.

Mama Nasri: Hamudi hana kitu. Anarukaruka tu.

Shangazi Zuhura: Ndiyo maana nasema. Amelala nao kitanda kimoja. Ukimpata mtu huu ugonjwa, vipele havitoki kesho. Vinachukua siku 10 mpaka 21, wengi ni ya 14 au 16. Na siku moja au mbili kabla kipele cha kwanza hakijaonekana, ameshaanza kuambukiza. Hesabu tangu Jumanne. Ukimleta wiki ijayo, atafika Ngamiani mzima kabisa, anacheka, na Mwanahawa anambeba.

Mama Nasri: Kwa hiyo nisihesabu vigaga vya Nasri. Nihesabu siku za Hamudi.

Shangazi Zuhura: Hasa.

Mama Nasri: Nimetoa kalenda ukutani, nimezungushia duara siku ya 10 na siku ya 21. Ya 21 ni Jumanne, wiki ya mwisho ya mwezi. Moyo umeniuma nilipoiona ilivyo mbali.

Twaha: Bibi anauliza, baba Nasri si aliugua akiwa mdogo? Anakumbuka alikuwa darasa la pili, alimpaka kalamini mpaka akawa kama amemwagiwa unga. Basi yeye aje peke yake achinje.

Shangazi Zuhura: Kwa upande wa ugonjwa anaweza. Aliyekwisha kuugua ana kinga. Aoge, abadilishe nguo, aje.

Baba Nasri: Mama, mimi naweza kuja, lakini nikija mama Nasri atabaki na watatu peke yake, na yeye halali. Salha usiku ananitaka mimi nimpulizie mgongoni. Idrisa achinje kwa niaba yangu. Naomba radhi yako.

Twaha: Anasema: radhi unayo. Ungekuja ukamwacha mkeo na wagonjwa ningekurudisha na basi la jioni.

IJUMAA, siku ya Arafa, saa 8 usiku

Mama Nasri: Najua mmelala. Naandika kwa sababu nikinyamaza nitalia. Nasri homa imeshuka, ila Salha ndiyo imempanda usiku huu. Nimewavisha soksi mikononi wasijikune wakiwa usingizini. Salha amezivua kwa meno. Amejikuna kimoja cha juu ya jicho mpaka damu. Baba yao amemshika mikono yote miwili, anamhesabia mabasi ya Tanga, Chalinze, Segera, Muheza, mpaka amelala akiwa ameketi. Nimefunga, na daku nimekunywa maji tu. Nawaza kama nimekosea. Mama amenunua mbuzi kwa pesa za machungwa yake ya Muheza, mwaka mzima anasubiri wajukuu. Na mimi ndiye niliyeandika kwamba safari haipo.

Mwanahawa: Dada, mimi sijalala. Mtoto anacheza usiku. Tangu juzi naogopa hata kusema kitu hapa, kwa sababu mnafungiwa milango kwa ajili yangu. Naomba usijilaumu. Ukija kuniona baada ya kujifungua nitakuwekea mto wangu mwenyewe.

Mama Nasri: Lala mdogo wangu. Lalia ubavu wa kushoto.

JUMAMOSI, Idi

Mjomba Sefu: Idi mubarak. Mungu atutakabalie.

Ba'mdogo Idrisa: Idi mubarak kwa wote. Tumetoka kuswali. Mbuzi tayari, fungu la majirani limeshatoka, Mama amelipima mwenyewe.

Mama Nasri: Idi mubarak. Mama, shikamoo. Salha amelia kutaka gauni lake. Nikamvisha juu ya shimizi ya pamba, akakaa nalo robo saa, shingo ikamuwasha, akalivua mwenyewe akaniambia nilikunje vizuri. Nasri amevaa kanzu, ameswali na baba yake sebuleni. Tumefungua dirisha tukasikia takbira za msikitini. Watoto wa mtaani wamekuja kugonga kuomba mkono wa Idi, nimewatupia peremende kupitia nondo za dirisha na kuwaambia wasikaribie. Nasri kajificha nyuma ya pazia, hataki wamwone uso. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko homa.

Shangazi Zuhura: Mwambie Nasri vigaga vikidondoka vyenyewe havimwachi na alama nyingi. Akivibandua ndiyo vinaacha shimo.

Mama Nasri: Nimemwambia. Sasa anamchunga Salha kama askari.

Mama Nasri: Nyie, mama Neema wa jirani ameacha sufuria la wali wa nazi na kuku mlangoni, akagonga, akakimbia hadi geti, akanipungia mkono kutoka huko. Yeye ni mtu wa Mbinga, Mkristo. Anasema: "Idi haipiti nyumba hii kavu." Sikuwa nimewasha hata jiko.

Twaha: Bibi amesema nirudie kusoma hiyo ya jirani. Nimesoma mara mbili. Sasa anaulizia basi la kesho asubuhi linalochukua vifurushi.

JUMAPILI, usiku

Baba Nasri: Nimerudi kutoka stendi ya Mbezi Louis, hapa Dar. Kifurushi kimefika. Machungwa debe zima, visheti, nyama ya kukaanga ndani ya ndoo, na bahasha tatu zenye majina ya watoto. Bahasha ya Hamudi ina noti mpya ya elfu mbili, ameishaitia mdomoni. Nyama tumempelekea na mama Neema. Mama, asante sana.

Twaha: Bibi anauliza visheti havikuvunjika?

Baba Nasri: Vimefika vizima.

JUMANNE, wiki ya pili

Mama Nasri: Nasri hana kipya tangu juzi. Salha kigaga kimoja tu hakijakauka, cha kwapani. Hamudi hana chochote. Leo ni siku ya saba kwake.

Mjomba Sefu: Labda Mungu amemuepusha.

Shangazi Zuhura: Inshallah. Hesabu iendelee.

JUMANNE, wiki ya tatu

Mama Nasri: Siku ya 14. Nimemvua Hamudi nguo aoge. Viwili tumboni, kimoja nyuma ya sikio.

Ba'mdogo Idrisa: Subhanallah.

Mama Nasri: Kama tungesafiri Jumatano iliyopita, leo angekuwa na siku sita hapo kwenu. Jana na juzi angekuwa mapajani mwa Mwanahawa.

Mjomba Sefu: Zuhura mwanangu, nimesoma. Mama Nasri, nilikusukuma nikidhani najua. Nisamehe.

Mama Nasri: Usiseme hivyo Mjomba. Ulikuwa unamwonea huruma dada yako.

Shangazi Zuhura: Mjomba hakuna neno. Wifi, Hamudi ni mdogo, mwangalie kwa karibu zaidi. Akihema kwa shida, akilegea usingizini hata hashituki, akikataa kunyonya, au ngozi kuzunguka kipele ikivimba nyekundu na moto, usisubiri kuniuliza. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mama Nasri: Sawa. Ananyonya vizuri. Nasri anamkatia kucha, nimemshika mguu.

JUMAMOSI, alfajiri

Ba'mdogo Idrisa: Uchungu umeanza. Tuko njiani kwenda hospitali ya Bombo. Dua zenu.

Twaha: Bibi yuko kwenye mswala.

Mama Nasri: Nasi tumeamka wote. Hamudi ana vipele vingi ila homa ndogo.

Ba'mdogo Idrisa: Msichana. Kilo 3.1. Amelia kwa nguvu mpaka nimemsikia kwenye korido. Mwanahawa mzima. Alhamdulillah.

Shangazi Zuhura: Allahu akbar. Nakuja na basi la kwanza.

Baba Nasri: Hongera mdogo wangu. Mama Nasri analia, hawezi kuandika.

JUMATANO

Shangazi Zuhura: Wifi, nipe picha za Hamudi. Mgongo, kichwani, nyuma ya masikio, na sehemu za nepi. Zote, na mwanga uwe mzuri.

Mama Nasri: Nimetuma kumi na moja.

Shangazi Zuhura: Cha nyuma ya sikio la kulia kiguse. Kikavu?

Mama Nasri: Kikavu. Kipya cha mwisho kilitoka Ijumaa. Leo nimekagua mara mbili, na baba yake mara moja.

Shangazi Zuhura: Kesho asubuhi mkague tena. Kama ni hivyo hivyo, pandeni basi. Mtoto wa Mwanahawa anakaa chumbani kwake, na yeyote anayeingia ananawa mikono kwanza, hata wewe Mjomba.

Mwanahawa: Akika ni keshokutwa. Mto wako nimeshauweka, dada.

Baba Nasri: Tiketi nimekata, basi la saa 3 asubuhi. Hamudi tutampakata.

Mama Nasri: Salha anauliza kama gauni la Idi linaruhusiwa kwenye akika.

Twaha: Bibi anasema linaruhusiwa. Ila asilivae njiani, litajikunja. Alivae akifika hapa, yeye atampigia pasi.