Simlinki isiyofuatiliwa: Git iihesabu folda au faili?

Mleta mada
Wakuu, habari za usiku. Naomba tulijadili hili bila matusi, maana ofisini limetugawa makundi mawili tangu Jumatatu.

Kisa chenyewe. Mradi wetu tunautunza kwa Git, programu inayohifadhi historia ya mafaili na kuyashirikisha kwa timu. Una folda inaitwa data, picha za ramani, zaidi ya GB 40. Kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git ivipuuze, tuliandika `data/` zamani sana, na kila mtu ana nakala yake. Laptopu yangu ikajaa, nikaihamishia folda kwenye diski ya nje na kuacha simlinki (kiungo kinachoelekeza mahali kitu kilipo) yenye jina lilelile. Programu ikaendelea kusoma kama kawaida. Jioni nikapiga `git add .` (amri ya kuingiza vyote kwenye Git), nikakomiti, yaani nikahifadhi mabadiliko, nikayasukuma kwa wenzangu, nikaenda zangu kulala. Asubuhi kijana mmoja wa timu akavuta mabadiliko. Folda yake yote ya data ikayeyuka, na mahali pake pakabaki kiungo kinachoelekea kwenye diski iliyoko mezani kwangu. Git haikumuuliza hata neno moja.

Hoja yangu: simlinki inayoelekea kwenye folda ihesabiwe folda inapofika kwenye .gitignore. Mtu akiandika `data/` anamaanisha "hicho kinachoitwa data, achana nacho". Ukipiga `cd data` unaingia, ukipiga `ls data/` picha unaziona. Kila programu inaona folda isipokuwa Git.

Mchangiaji 1
Pole kwa kijana. Lakini mkuu, wewe ulilikoroga, yeye akalinywa. Mwongozo wa gitignore unasema wazi: mkwaju (/) wa mwishoni unakamata folda tu, haukamati faili la kawaida wala simlinki. Ungeandika `data` bila mkwaju, yasingetokea.

Na ukiuacha mwongozo, simlinki ni nini? Ni kikaratasi chenye anwani. Git inakihifadhi hivyohivyo: maandishi ya njia, pamoja na alama ya 120000 kuonyesha kwamba hiki ni kiungo. Kilichoko upande wa pili hakiihusu. Ukiilazimisha ichungulie kiungo kinaelekea wapi ndipo iamue, jibu litakuwa linabadilika. Umesahau diski nyumbani, kiungo kinaelekea hewani. Hapo bado ni folda? Jana `git status`, amri ya kuonyesha hali ya mafaili, ilikuwa kimya, leo data imejitokeza kwenye orodha ya visivyofuatiliwa, yaani ambavyo havijaingizwa kwenye Git. Sheria inayotegemea waya umechomekwa au la mimi siitaki.

Mleta mada
La diski umenibana, nakubali. Lakini mwongozo umesomwa na wangapi? Mkwaju mmoja ndio uondoke na GB 40 za mtu?

Mchangiaji 2
Mimi nipo upande wa usalama, na nasema viungo vikae mbali kabisa. Machi 2021 lilitoka toleo la Git 2.30.2 kuziba tundu la usalama CVE-2021-21300: kwenye mifumo isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo, repo (hifadhi ya mradi) ya mtu mbaya iliweza kuendesha programu kwenye mashine yako wakati unainakili tu, kwa kuchezea simlinki na vichujio kama vya Git LFS, nyongeza ya Git kwa mafaili makubwa. Mei 2024 likaja 2.45.1 kwa CVE-2024-32002, viungo tena. Na tangu 2.32, .gitignore yenyewe ikiwa simlinki Git haiifuati. Wenyewe wanazidi kuvikwepa, wewe unataka wavifungulie mlango.

Mchangiaji 3
Sisi wa Windows tunawaangalia tu 😂 Kwetu core.symlinks, mpangilio wa kuruhusu simlinki, ikiwa false (imezimwa), folda ingeondoka vilevile, halafu tungeletewa kifaili cha maandishi chenye njia ya diski ya jamaa ndani yake.

Mchangiaji 4
Mnagombania mkwaju wakati mwizi kapita mlango mwingine. Hebu someni kisa upya. Kilichofuta folda ya kijana ni kanuni kwamba kilichopuuzwa ni kitu cha kutupwa. Ukibadilisha tawi (toleo sambamba la mradi) au ukaunganisha matawi, Git inakataa kufuta faili lisilofuatiliwa, LAKINI likiwa kwenye .gitignore inalifuta kimyakimya. Ndiyo tabia ya msingi. Yaani folda ya kijana ingekuwa salama kama msingeiweka kwenye .gitignore! Mnaiandika humo mkidhani mnailinda.

Watengenezaji wa Git wamelijadili sana: kuwe na aina ya tatu, kitu kinachopuuzwa lakini kisichoguswa. Hilo ndilo la kulipigania.

Halafu mleta mada, shukuru kwamba Git haikioni kiungo chako kama folda. Siku ukipiga `git clean -f`, amri ya kufuta visivyofuatiliwa, itafuta kikaratasi tu, picha zitabaki kwenye diski. Ungependa siku hiyo iingie ndani?

Mleta mada
Hapana, hapana. Hilo sikuwa nimeliwaza.

Basi nabadilisha ombi. Ukiongeza repo ndani ya repo, `git add` inakupa onyo refu kabisa. Kwa nini isitoe onyo kama hilo mtu anapoongeza kiungo kipya chenye njia kamili inayotoka nje ya mradi? Njia ya aina hiyo kwa mwenzangu haifanyi kazi hata kidogo, na tena inabeba jina langu la mtumiaji.

Mchangiaji 2
Kuna watu wanahifadhi mipangilio ya seva kwa Git, viungo vyao vyote vinaelekea /etc, folda ya mipangilio ya mfumo. Utawapigia kelele kila siku.

Mleta mada
Wanaweza kulizima. Onyo halimzuii mtu.

Mchangiaji 1
Onyo nitaliunga mkono. Mkwaju uacheni ulivyo. Kijana amezirudisha picha?

Mleta mada
Anakopi kutoka diski yangu tangu saa nne. Imefika asilimia 31.