Eti mwalimu wa afya mtandaoni "anatuma PDF tu"!!!

Mleta uzi:
Wakuu, yule mnamjua. Sihitaji kumtaja. Kikao cha Zoom, spika wazi, wazazi na wanafunzi wote wanasikia: "Huyu kazi yake kutuma PDF tu." PDF TU! Kwa hasira hizi hata mashine ya presha ingegoma kusoma.

Chukua somo dogo kabisa, kuhesabu mapigo ya moyo. Mwanafunzi anapima watu wa nyumbani kwao, wewe haupo, wa kumwelekeza ni maandishi yako. Anayepimwa atulie dakika 5. Mwanafunzi aweke kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono wa anayepimwa, upande wa dole gumba, asikandamize sana, mapigo yatapotea. Asipimie dole gumba, lina mapigo yake, atajihesabu mwenyewe. Sekunde 30, zidisha kwa 2.

Majibu yanakuja: baba 72, bibi 72, mtoto wa miaka 2 naye 72! Wamenakili kitabuni. Mwingine analeta 75. Namba yoyote ukiizidisha kwa 2, 75 inatoka wapi? Hapo unaanza kumwandikia mmoja mmoja, apime upya, alete na hesabu ya kwanza kabla ya kuzidisha. Usiku wa manane hiyo.

Halafu mtu, mbele ya wazazi: PDF TU!

kokoto_ngumu:
Pole mkuu, ila povu lote hili kwa maneno mawili? Kunywa maji kwanza.

dawa_chungu:
Anywe ORS kabisa 😂 Ila ile pakiti ya lita 1 aichanganye kwenye lita 1 kweli, sio chupa ya nusu lita kama wanafunzi wake. Chumvi ikizidi, mtoto anayeharisha anaumia zaidi.

Mleta uzi:
@dawa_chungu ndicho ninachosema! Ukiandika "chupa moja", kila mtu anashika chupa aliyonayo. Lazima uandike: lita 1, yaani chupa mbili za nusu lita, na ikipita saa 24 mwaga. Hiyo nayo ni PDF tu? Alisema mbele ya WAZAZI, jamani.

chaki_nyeupe:
Afadhali wewe. Sisi wa hesabu tunaletewa picha ya daftari imepigwa gizani, nusu ni kidole.

bando_limekata:
Mnaodai video ya kunawa mikono ndio mnatumaliza. Sekunde 60 kwa ubora wa juu, bando kwisha. Waambieni washushe hadi 480.

dawa_chungu:
Video lazima, ndugu. Kwa maandishi kila mtu kanawa vizuri. Kwenye video ndio unaona dole gumba na ncha za vidole hazijaguswa na sabuni.

bando_limekata:
Basi nitumieni bando.

mama_wa_wawili:
Samahani wakuu, mmetaja mashine ya presha. Mama ana mkono mnene, ya nyumbani inasoma juu kila siku, hospitali iko sawa. Ni nini?

kokoto_ngumu:
Mkanda mdogo huo, ule wa mashine unaofungwa mkononi. Ukibana mkono mnene, inasoma juu. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya sentimita 22 hadi 32, akizidi hapo anunuliwe mkubwa. Na mkono ulale mezani usawa wa moyo, asiongee.

mama_wa_wawili:
Asante mkuu. Mkanda mkubwa unauzwa peke yake au na mashine?

chaki_nyeupe:
Kuna wanaouza peke yake, ila nenda na mashine, bomba lisije likakataa kuingia.